Anza na avenue yako



Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, wakati Nyiragongo ilitapika moto, mbingu ya Goma ilikuwa nyekundu na kila mutu aliuliza ulizo moja tu: tupite wapi? Wengi wetu tulikuwa mu barabara, mutoto mugongoni, godoro kichwani. Wengine walikimbilia mupaka wa Rwanda, wengine walielekea Sake. Siku tano kisha, tarehe 27, viongozi waliamuru watu wa quartiers 10 kati ya 18 za muji wahame. Watu wakatoka tena, malaki na malaki.

Mwenzetu mmoja alikuwa Bukavu siku hizo. Alipigia dada yake telefone ili amuelekeze njia. Dada akamutajia avenue yenye alikuwa amesimama. Mwenzetu akafungua ramani, akatafuta, akatafuta tena. Barabara aliiona, imechorwa vizuri, na manyumba kando kando. Jina halikuwako. Ulikuwa tu musitari mweupe kati ya misitari mingine myeupe. Dada alifika salama, juu aliuliza mama mmoja muuza makala njiani. Lakini ule musitari bila jina ulibaki mu kichwa ya mwenzetu, na njo ulituleta ku kazi yenye tunataka kuwaelezea leo.

Ile ramani inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa 2004 huko Uingereza na Steve Coast, wakati ramani nzuri za kule zilikuwa za kuuzwa na kufungiwa. Wazo lake lilikuwa nyepesi: watu wachore ramani wenyewe, na ikuwe ya wote. Tangu siku ile, mutu yeyote anaweza kufungua akonti na kuongeza barabara, duka ya dawa, shule, kisima. Mutu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa, sherti aseme imetoka wapi. Na akichukua data zake, akaziongezea na kuzisambaza, sherti aziache wazi vilevile. Programu zenye zinaendesha ile ramani nazo ziko wazi: kodi yao inasomeka, inarekebishwa, na mutu wa Goma anaweza kuigusa sawa na mutu wa London.

Hiyo njo watu wanaita programu huria, ao kazi ya chanzo wazi. Sisi tunaielewa haraka juu tunajua salongo. Siku ya posho kila mutu anatoka na jembe yake ao fagio yake, na mutaro unafunguka bila mutu mumoja kuwa mwenye mutaro. Tofauti ni moja tu: hapa hakuna mutu atapita mulango kwa mulango kukulazimisha. Utakuja wewe mwenyewe, ao hautakuja.

Satelite inaona bati, haioni jina

Mwezi wa kwanza 2010, tetemeko la udongo lilibomoa Port-au-Prince, muji mukubwa wa Haiti. Watu wa inchi mbalimbali, wengi wao hawajawahi kufika kule, waliangalia picha za satelite na kuchora barabara za muji ule usiku na muchana. Wakati kidogo tu, wale wenye walikuwa wanatafuta majeruhi walikuwa na ramani mu mikono.

Kwetu hapa Congo, 2014, kazi ya namna ile ilifika Lubumbashi. Waganga walikuwa wanafuata kolera. Mugonjwa anafika, anataja quartier na avenue yake, lakini kama hakuna ramani yenye majina, muganga hawezi kujua wagonjwa kumi wa leo wametoka karibu na kisima kimoja ao wametoka pande kumi za muji. Wachoraji wa mbali walichora barabara kufwatana na picha za satelite, na watu wa Lubumbashi wakatembea kwa miguu kukusanya majina.

Musome vizuri ile sentensi ya mwisho, juu ndani yake njo kuna kila kitu chenye tunataka kusema. Satelite inaona bati la nyumba, inaona barabara. Haioni jina. Kijana wa Paris anaweza kuchora barabara ya Majengo vizuri kuliko sisi. Lakini hajui kama inapitika wakati wa mvua. Hajui kama ile duka ya dawa ilifunga tangu mwaka jana, kama ile robine ya watu wote inatoa maji siku mbili tu kwa juma. Wewe unajua. Unapita pale kila siku, kwa miguu, juu ya moto, ao unasukuma chukudu.

Wale wa mbali tunawashukuru, walifanya sehemu yao. Sehemu yenye inabaki haiwezi kufanywa na mutu mwingine. Kama sisi hatuandike majina ya pahali petu, mutu mwingine atayaandika namna anasikia, ao hayataandikwa hata kidogo. Siku volkano itarudia, ao kolera, ao moto wa nyumba, tutalipa ile deni.

"Lakini mimi sijui informatique"

Njo ulizo yenye tunapokea zaidi. Ya pili ni: "Nani atanipa ruhusa?"

Tunaelewa. Katika hii inchi tumezoea kwamba kila kitu kinaomba karatasi, muhuri, na saini ya mukubwa fulani mwenye hayuko ku biro leo. Ku kazi ya wazi hakuna muhuri. Hauombe kuingizwa. Unafanya kitu kidogo, kinaonekana, watu wanakiangalia, na hapo njo unakuwa mumoja wao. Ata Linux, yenye leo inaendesha sehemu kubwa ya intaneti na iko ndani ya kila telefone ya Android, ilianza 1991 na mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki mwenye alionyesha kazi yake ingali haijaisha na akaomba wengine wamwambie maoni yao.

Basi tunawapa namna sisi tulianza.

Kwanza, kaye na kalamu. Usianze na kompyuta. Chagua avenue moja, yenye unalala. Tembea kutoka kona hadi kona. Andika jina namna limeandikwa ku kibao. Kama hakuna kibao, uliza wazee wawili na mama mumoja muuza duka. Andika duka ya dawa, shule, robine, kanisa, musikiti, kituo cha afya. Wazee wakikosa kupatana juu ya jina, usikasirike: andika majina yote mbili na nani alisema nini. Ile kazi haiombe ata mega moja.

Pili, fungua akonti. Inaomba tu adresi ya barua pepe na jina la kujipa. Usitumie jina lako la karatasi. Tutaeleza mbele kwa nini.

Tatu, fungua chombo cha kuchora chenye kiko ndani ya ramani yenyewe. Kina somo fupi ya mwanzo, unaweza kuifanya kwa Kifaransa. Ifanye yote, usiruke. Kisha tafuta avenue yako, bonyeza ku musitari, andika jina.

Ine, kabla ya kutuma, utaombwa kueleza umebadilisha nini. Wapya wengi wanaacha pale bure ao wanaandika "ok". Hapana. Andika: "Nimeongeza jina la avenue, ninaishi hapa, nimeulizia wakaaji." Mutu mwenye atasoma hakujui, hajui muji wako. Ile sentensi moja njo itamufanya akuamini.

Tano, tuma, na usimame pale. Kitu kimoja tu kwa siku ya kwanza. Kisha dakika chache jina litaonekana, na mutu yeyote duniani mwenye ataangalia pale ataliona. Tumeona vijana wenye walicheka kwa nguvu wakati wa kuliona mara ya kwanza. Sisi wenyewe tulicheka.

Kama mega ni tatizo, na tunajua ni tatizo, kuna njia. StreetComplete ni programu ya Android yenye inakuuliza maulizo madogo ukiwa umesimama barabarani: hii barabara iko na kaburimbo ao ni udongo? Hii duka ingali inafungua? Unajibu bila koneksio, na majibu yanaenda siku utapata. Organic Maps na OsmAnd zinakuachia kushusha ramani mara moja tu na kuitumia bila intaneti, ata umeme na rezo vikikatika muji mzima. Wakati utakuwa umezoea, kuna JOSM, chombo cha kompyuta cha wachoraji wenye wamekomaa. Usikimbilie pale.

Namna tulikosa

Tukiwaelezea tu furaha, tutakuwa tumewadanganya.

Mwenzetu yule wa Bukavu, kisha jina lake la kwanza kuonekana, alipata moto mu roho. Usiku mumoja akajaza majina zaidi ya mia. Asubuhi akakuta ujumbe wa mutu wa inchi ya mbali, wa heshima lakini mukavu: haya majina umeyatoa wapi? Muchana majina yote yalikuwa yamefutwa.

Hasira ilikuwa kubwa. "Mutu wa ngambo anafuta avenue za kwetu!" Sisi wote tulikasirika naye. Tulikuwa tayari kuandika mambo yenye tungejutia. Mumoja wetu alisema tungoje, tusome kwanza masharti. Tukasoma. Kumbe mwenzetu alikuwa amefungua ramani ya kampuni moja ya biashara na kunakili majina kutoka pale. Ile ramani iko na mwenyewe. Ukinakili kitu cha mutu na kukiweka mu kazi ya watu wote, unaweza kuletea watu wote kesi. Mutu wa mbali alikuwa na haki.

Lakini kati ya yale mia, kulikuwa pia majina yenye mwenzetu alijua kwa miguu yake, juu alikomalia pale. Hayo hayakupashwa kufutwa. Basi tukamujibu: umefanya vizuri kwa haya, lakini haya mengine tunayajua sisi wenyewe, tumekaa pale, hii njo namna tuliulizia. Akajibu siku ile ile, akaomba musamaha kwa yale, na yakarudishwa. Leo, tukikwama, yeye njo mutu wa kwanza tunauliza.

Tulijifunza mambo mawili. Ya kwanza: kurekebishwa si kudharauliwa. Mu kazi ya wazi kila mutu anaangaliwa, ata wakubwa. Ya pili: kuangaliwa si kunyamaza. Ukiwa na haki, eleza kwa utulivu, onyesha ulijua namna gani, na ungoje jibu. Mutu mwenye anaacha kazi kisha kurekebishwa mara moja amepoteza. Mutu mwenye anatukana amepoteza zaidi.

Kuna kosa lingine, na hili ni letu zaidi. Avenue moja, majina mawili: la zamani na la sasa, la watu na la komine. Kila upande unataka lake. Sheria ya ramani ni kuandika chenye kiko pale chini, chenye mutu akifika atakiona na kukisikia. Jina lingine liko na nafasi yake: kuna pahali pa jina la zamani na pa jina la pili, halipotei. Tunawaomba sana: ramani isikuwe pahali pa kushinda ugomvi wa kabila ao wa politike. Tumeona majina yakiua watu katika hii inchi. Hatutaki kuleta ile vita mu kazi yenye ni ya kusaidia mama kupata duka ya dawa.

Mujichunge

Kila kitu utafanya ku ramani kinabaki: nini ulibadilisha, saa ngapi, na akonti gani. Kila mutu anaweza kusoma. Njo maana tulisema usitumie jina lako la karatasi. Ukirekodi njia zako na GPS, usitume ile yenye inaanzia ku mulango wako kila asubuhi.

Usiandike nani anaishi mu nyumba gani. Usiandike pahali watu wamejificha. Usiandike pahali wenye silaha wamesimama, wa upande wowote. Kama kitu kikiandikwa kinaweza kufikisha mutu mwenye silaha ku mulango wa mutu mwenye hana, kiache. Shule, robine, barabara, kituo cha afya chenye kiko na kibao: hizo zinajulikana na zinasaidia. Ukiwa na mashaka, acha. Hakuna jina la avenue lenye linapita maisha ya mutu.

Kwa wale wa kodi na wa luga

Kazi haiishie ku kuchora. Maneno ya ukurasa wa OpenStreetMap yanatafsiriwa na watu wa kujitolea ku translatewiki.net. Hapo hauombwe kujua kodi, unaombwa kujua luga mbili vizuri. Wenzetu wameuliza: Kiswahili gani, cha Dar es Salaam ao cha kwetu? Maoni yetu ni haya: maneno ya vyombo yaandikwe mu Kiswahili chenye mutu wa Kalemie, wa Mombasa na wa Bujumbura watasoma bila kukwama. Lakini majina ya pahali ni yetu, yaandikwe namna sisi tunayaita.

Na ninyi wenye muko munasoma informatique: musingoje diplome. Chukueni programu yenye munatumia, siyo ile yenye inasifiwa. Itumie mpaka ikukwaze. Halafu andika tiketi yenye iko na vitu vitatu: nilifanya nini, nilitazamia nini, nini ilitokea. Kabla ya kuandika, tafuta kama mutu mwingine alishaisema. Soma karatasi ya masharti yenye iko mu kila mradi kwa ajili ya wapya. Marekebisho yako ya kwanza yakuwe madogo: neno lenye limeandikwa vibaya, ukurasa wa maelezo wenye haueleweke. Mazungumuzo mengi ni ya Kiingereza, na hiyo ni kikwazo kwetu, hatuifiche. Andika sentensi fupi fupi. Kule hakuna mutu anatoa pointi za grama. Jibu likikawia juma mbili, usifikiri wanakudharau: mwenye kusoma naye ni mutu wa kujitolea, na yeye pia anatafuta chakula.

Nani analipa?

Hakuna perdiem. Hakuna transport. Hakuna kikombe cha fanta kisha semina. Tunasema wazi ili mutu asije akasema tulimudanganya.

Na kuna ulizo ya haki yenye inafwata: kampuni kubwa za Marekani nazo zinatumia hii ramani bure. Kwa nini kijana wa Goma mwenye hana kazi afanyie matajiri kazi ya bure? Tulibishana juu ya hili usiku mzima. Jibu letu ni hili. Ndiyo, tajiri atatumia jina la avenue yako. Lakini mama wa Mabanga naye atalitumia, na muganga, na motari, na hakuna mumoja wao ataombwa pesa. Na siku ile kampuni itachoka na Congo, ramani itabaki wazi, haitaondoka nayo. Mali yenye mutu hawezi kukunyanganya iko chache sana katika hii inchi. Hii ni moja.

Kwa mega, fanyeni likelemba. Watu watano, telefone moja nzuri inatosha. Kila juma mumoja ananunua mega, wote wanaleta kaye zao, majina yanaingizwa pamoja. Hivi njo sisi tunafanya, na hivi hata makosa yanaonekana haraka, juu macho kumi yanapita mawili.

Basi, siku ya posho hii, kisha salongo, kabla ya kwenda kuoga, chukua kaye. Avenue moja. Wazee wawili. Jina moja. Siku ya yenga mukutane, watu watano, muliingize. Kisha juma lingine, avenue yenye inafwata. Hatuwaombe mubadilishe dunia. Tunawaomba mwezi mumoja wa majina.

Ule musitari mweupe wa 2021 leo uko na jina. Siyo mwenzetu aliliandika, wala siyo mutu wa ngambo. Ni dada yake mwenyewe. Alirudi Goma, akaomba telefone, akauliza: "Ninabonyeza wapi?"